Kabla ya Kuinua Gari, Inua Dari

Ukijiuliza kama nyumba yako inahitaji lifti ya gari, jibu ni hapana. Hilo tumelimaliza. Sasa tuendelee na kazi ya kuichagua.

Mwongozo huu unamlenga mtu wa aina yangu. Ana nyumba Goba, na ubavuni mwa nyumba kuna banda la gari. Ana Toyota IST ambayo kwa kadi ni yake na kwa hali halisi ni ya mke. Ana Noah ya familia. Ana pia boksi la spana alilonunua seti kamili, ambalo spana namba kumi ilitoka siku ya kwanza na haijarudi hadi leo. Mtu huyu amechoka kushinda gereji akiwa amekalia tairi bovu tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, akiambiwa "mzee, bado kidogo tu". Usiku mmoja, badala ya kulala, anafungua simu na kumwona Mmarekani mwenye gereji safi kuliko sebule ya mama mkwe. Mmarekani anabonyeza kitufe, gari linapanda, naye anapita chini yake akiwa wima, kikombe cha kahawa mkononi. Kwisha habari. Kuanzia hapo mtu wetu haponi mpaka apate chuma chake.

Anayestahili lawama ni Peter Lunati wa Memphis, Marekani, aliyebuni lifti ya gari ya haidroliki miaka ya 1920. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipotazama kiti cha kinyozi kikipandishwa kwa pampu. Mimi nimekalia viti vya vinyozi kwa miaka arobaini, na wazo pekee lililowahi kunijia pale ni kubadilisha kinyozi.

Anza na hesabu, maana mke ataiulizia. Gari humwagwa oili kila kilomita 5,000. Langu linatembea kama 15,000 kwa mwaka, yaani mara tatu. Nilichukua bei ya lifti nikaigawa kwa ujira wa fundi wa kumwaga oili, nikakuta chombo kitarudisha fedha yake baada ya kumwaga oili mara 400. Hiyo ni miaka 133. Kwa hiyo usigawe. Zidisha. Zidisha kwa magari ya ndugu, ya majirani na ya wenzako wa kwaya, kisha tamka neno "mradi". Nyumba nyingi za mjini haziwezi kulikatalia jambo lolote likishaitwa mradi. Kuku wa kisasa, kambale na uyoga, wote waliingia kwa mlango huo huo.

Mkeo akishanyamaza (usidhani amekubali), mwite mzee aliyekujengea nyumba umpe shikamoo na umwonyeshe picha. Mzee ataitikia marahaba, ataitazama picha kwa heshima, kisha atasema: "Lifti ya nini, mwanangu? Chimba shimo."

Hoja ya mzee ina uzito. Shimo halitumii umeme, haliagizwi kwa meli, na gereji zetu nyingi zimeishi kwa shimo tangu enzi za Peugeot 404. Unaendesha gari juu yake, unashuka ngazi, kazi inaanza. Tatizo la shimo ni kwamba kila kibaya hupenda kushuka huko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutuama miguuni mwa fundi aliyeshika taa yenye waya uliochubuka. Halafu kuna masika. Kwa jirani yangu aliyechimba lake, mwezi Aprili shimo lilijaa hadi shingoni, na alipokwenda kulikagua alikuta vyura wameshafungua mtaa. Kwa sababu za usalama, basi, na kwa sababu shimo halipigiki picha vizuri, tutaendelea na lifti.

Zipo familia tatu unazopaswa kuzijua. Lifti ya mkasi hulala sakafuni kama kitanda cha kambi na kuinua gari takriban mita moja kwenda juu. Ni nzuri kwa matairi na breki. Ubaya wake ni kwamba yenyewe hukaa katikati ya tumbo la gari, pale pale penye giaboksi na ekzosi ulivyotaka kuviona. Ni kama kwenda kwa daktari na kumkuta daktari mwingine ameketi juu ya kidonda.

Lifti ya nguzo nne ni mpole. Gari hupanda juu ya reli mbili na kusimama kwa matairi yake, kama lilivyokuwa barabarani. Hailaumu sana sakafu, na nyingine hazihitaji hata kufungwa kwa bolti. Unaweza kuegesha gari moja juu na jingine chini. Kwa kumwaga oili na kwa mtu mwenye magari mawili na banda moja, hii ndiyo ya akili. Matairi hayaning'inii, kwa hiyo kwa shokapu na bushi utahitaji kununua jeki nyingine ya kuweka juu ya reli. Na gari la juu likivuja, litavujia la chini. Weka trei. Kwa namna tulivyozipokea injini zetu kutoka Japani zikiwa na kilomita zao tayari, weka trei kubwa.

Ya tatu ni nguzo mbili, lifti ya wanaume wa kwenye video. Mikono minne inaingia chini ya gari, inakamata sehemu nne za chesisi au kingo za chini ya milango, na gari linaelea matairi yakining'inia kama miguu ya mtoto aliyebebwa. Kila kitu kinaonekana. Hii ndiyo utakayoichagua, hata nikisema nini, kwa hiyo kurasa zilizobaki ni za kwako.

Muuzaji atakwambia inabeba tani nne. Ni kweli, na IST haizidi sana tani moja, kwa hiyo utajiona umenunua tembo wa kubeba sisimizi. Asichokwambia ni kwamba kila mkono unabeba robo tu ya uwezo huo, yaani tani moja. Sasa mchukue shemeji yako na pikapu yake ya karibu tani mbili, ambaye amesahau kushusha mifuko 25 ya simenti. Jumla haifiki hata tani tatu na nusu, lakini mikono miwili ya nyuma imeshapita kikomo chake, na shemeji bado amesimama hapo chini anakueleza bei ya simenti. Pikapu haikuhitaji lifti siku hiyo. Ilihitaji wapakuzi.

Kanuni nyingine ya mikono minne: pandisha mpaka matairi yaachane na sakafu kwa kiganja kimoja, simamisha, kisha litikise gari kwa mabega yako. Likikataa kuyumba, endelea. Likiyumba, shushia hapo hapo, maana kuanguka kutoka kiganja kimoja ni hadithi na kuanguka kutoka mita mbili ni msiba. Na ukipanga kutoa injini, kumbuka pua ikishakuwa nyepesi, nyuma ndiyo itakayoshuka. Mizani ya dukani ilitufundisha hilo zamani.

Sasa tupime dari. Noah ina kimo cha karibu mita 1.85. Lifti itaiinua kama mita 1.8. Jumlisha: mita 3.65, na hapo hujaweka taa. Banda langu lilikuwa na mita 3 kamili, dari ya jipsamu yenye maua pembeni, iliyopigwa na kijana hodari ambaye bado namdai salio la kazi. Nilipompigia muuzaji alinijibu kwa utulivu wa mtu ambaye hatafika kwako: "Hilo si tatizo, zipo zisizo na boriti la juu." Ni kweli, zipo. Nguzo nyingine huunganishwa juu, nyaya na mpira wa oili vikipita kichwani, na sakafu hubaki wazi. Nyingine huunganishwa chini kwa bamba la chuma linalogeuka kizingiti cha kujikwaa, na juu hubaki peupe. Lakini gari nalo lina paa, na paa la gari halijali boriti liko wapi. Unaponunua lifti fupi kwa ajili ya dari fupi umenunua haki ya kufanya kazi ukiwa umeinama, na kuinama hata shimo lisingekudai.

Pima pia mlango wa nyuma wa Noah ukiwa wazi. Hufunguka kwenda juu. Sitaeleza nilijuaje.

Kwa hiyo niliondoa jipsamu, nikainua kuta kozi nne, nikapiga kenchi upya na kubadilisha bati. Bei ya lifti wakati huo ilikuwa imeanza kuonekana ndogo, na hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua ya kufanya kitu ghali kiwe rahisi.

Hapo ndipo tulipofika kwenye jamvi, na laiti ningeanzia hapo. Watu huchagua lifti kwa wiki tatu na sakafu kwa sekunde tatu. Wanalinganisha mota, wanalinganisha rangi (mimi nilitaka nyekundu, na nyekundu ilikuwa na nyongeza ya bei), wanauliza kama miguu ina mpira. Hakuna anayeuliza itasimama juu ya nini. Vitabu vya lifti za nguzo mbili hudai zege lisilopungua milimita 100, na vingi kwa lifti ya tani nne hutaka 150 au zaidi, zege la nguvu ya megapaskali 21 hadi 25, lililokaa siku 28 kabla ya kutobolewa. Siku 28. Fundi wako atataka kutoboa Jumatatu kwa zege lililomwagwa Ijumaa, kwa kuwa "hili limekaza, mzee, lipige teke uone".

Ukitaka kujua kwa nini wanadai hivyo, nyoosha mkono mbele na umwambie mtoto wako wa darasa la tano auning'inie. Hutaanguka kwa sababu ya uzito wake tu. Utavutwa kwenda mbele, na visigino vitataka kuachana na ardhi. Nguzo mbili za lifti ni watu wawili wanaotazamana, kila mmoja amenyoosha mikono, na gari limelala juu ya mikono yao. Kila nguzo inataka kumwangukia mwenzake. Kinachowazuia ni bolti za visigino, na bolti hizo zimeshika zege, na zege limeshika kile alichoamua fundi siku ile ulipokwenda kuitafuta pampu ya maji ukamwachia simenti.

Langu, kwa mujibu wa ramani, lilikuwa inchi nne. Kwa mujibu wa fundi, lilikuwa inchi nne na zaidi. Kwa mujibu wa drili, lilikuwa inchi mbili na nusu, na chini yake kulikuwa na kifusi, kizibo cha soda na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Juu yake nilikuwa nimebandika marumaru za kung'aa, kwa fahari yangu mwenyewe. Bolti ya kutanuka haishiki kandambili. Wala usifunge nguzo juu ya marumaru: itapasuka chini ya bamba, bolti zitalegea, na utakuwa na mnara unaocheza kidogo kidogo kila gari linapopanda.

Tulikata jamvi, tukachimba, tukasuka nondo, tukamwaga kitalu kimoja kinene chini ya nguzo zote mbili. Kwa siku 28 nilikimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Majirani walidhani ni kaburi. Mmoja alinipa pole, na kwa kuwa sikuwa na nguvu za kueleza, niliipokea.

Najua yupo msomaji anayecheka huku gari lake limewekwa juu ya matofali. Huyo nitamwambia bila mzaha: tofali la simenti halipindi kwanza ndipo livunjike. Linavunjika tu, kwa mara moja, bila kukohoa. Kama fedha zako zinaishia kwenye jeki na stendi nne za chuma juu ya sakafu ngumu, nunua hizo na ulale salama. Wengi wetu hatuhitaji zaidi. Haya, turudi kwa wasiosikia.

Kuhusu umeme, uliza mapema kama mota ni ya njia moja au njia tatu. Viwandani wanapenda njia tatu, na nyumbani kwako ni njia moja, volti 230. Zipo za njia moja, mara nyingi kilowati 2.2, nazo hufanya kazi vizuri, ila zinapoanza kuzunguka hunywa umeme kwa pupa, taa za sebuleni zinainama, na anayetazama tamthilia anajua kwamba baba yuko bandani. Ukiona lifti ya mtumba kutoka Marekani, soma kibao cha mota: kule umeme wao hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, wa kwetu 50, na mota itazunguka pole pole ikishangaa imefika wapi.

Jambo la kufuli linastahili kueleweka hata na asiyenunua. Oili ya haidroliki ndiyo inayopandisha gari, lakini haipaswi kulishikilia. Ndani ya nguzo kuna meno ya chuma, na ulimi unaoyadandia moja baada ya jingine gari linapopanda: ka, ka, ka. Ukifika unapotaka, unashusha kidogo mpaka ulimi ukae sawasawa juu ya jino, pande zote mbili, na uzito wote ukabidhiwe chuma. Mpira ukipasuka, gari halitambui. Asiyelikalisha gari kwenye meno ameamua kulala chini ya tani moja inayoning'inia kwa ahadi ya mpira.

Ila chuma nacho kina masharti. Ili ulimi uachie jino, kwenye lifti nyingi lazima kwanza gari lipande kidogo. Kushuka hakuhitaji umeme, uzito wenyewe unatosha. Kupanda kule kidogo kabla ya kushuka ndiko kunakohitaji. Rudia sentensi hiyo kabla ya kuinua gari la mkeo siku ya Jumamosi.

Mimi niliinua IST saa tano asubuhi ili nitazame tu bushi. Saa tano na robo umeme ulikatika. Saa nane mke wangu alitoka amevaa kitenge cha sare ya kamati, kilemba kimesimama kama mnara wa simu, anatakiwa kwenye sendofu Mbezi. Gari lilikuwa limeegeshwa vizuri kabisa, mita 1.8 kutoka ardhini. Nilikimbia kwa jirani kuazima jenereta, kakifaa ka kuwashia taa na tivii. Nilipobonyeza kitufe kalikohoa mara mbili kakazima. Baadhi ya watengenezaji huuza pampu ya mkono kwa ajili ya siku kama hiyo. Nilikuwa nimeiona kwenye orodha. Nilikuwa nimeifuta ili bei ya rangi nyekundu itoshe.

Aliondoka na bajaji. Hakusema neno, na waliooa wanajua gharama ya neno ambalo halikusemwa.

Utauliza habari za ubora. Ulaya kiwango cha lifti za magari kinaitwa EN 1493, na Marekani ipo taasisi ya watengenezaji, ALI, iliyoanzishwa 1945, ambayo lifti ikipita vipimo hupewa kibandiko chake. Omba cheti chenye namba ya modeli ile ile unayonunua. Muuzaji mmoja nilimwomba, akanitumia picha ya cheti cha mashine ya kubadilishia matairi. Nilipomwuliza, akasema kiwanda ni kile kile.

Siku lifti iliposimama, imenyooka, bolti zimekazwa kwa kipimo na kukazwa tena baada ya wiki kama kitabu kinavyosema, nilimwita fundi wangu wa siku zote aje aone. Alikuja na mkoba wa vifaa na boksi la katoni lililokunjwa kwapani, lile analotandika chini kila mahali. Nilibonyeza kitufe. Noah ikapanda, ka, ka, ka, mpaka juu, na dari mpya ikabaki na nafasi ya kiganja. Nikaingia chini yake nikiwa wima. Nilikuwa na kikombe cha kahawa.

Fundi alizunguka nguzo ya kushoto, akazunguka ya kulia. Alitazama juu muda mrefu, akaishika shingo yake.

"Mkubwa, shusha."

Nikashusha hadi kifuani.

"Shusha tena kidogo."

Nikashusha hadi magotini, nikalikalisha gari kwenye jino la chini kabisa. Akatandika boksi lake juu ya zege langu la siku 28, akalala chali, akajisukuma kwa visigino mpaka kichwa kikapotea. Kimya kidogo. Kisha mkono mmoja ukachomoza, kiganja kikiwa wazi.

"Naomba namba kumi."